Dakika 70 kati ya geti na sukari: uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye degedege

Aliingia getini saa 2:40 usiku, akiwa mgongoni kwa mama yake, wamepakiwa bodaboda. Muda huo umo kwenye daftari la mlinzi. Mtoto wa kike, miaka 3, kilo 12, ana homa kwa siku ya tatu, hajala tangu jana yake, na jioni hiyo alishashtuka kwa degedege mara moja nyumbani. Deksitrozi, yaani maji ya sukari, ilianza kuingia kwenye mshipa wake saa 3:50. Hapo katikati kuna dakika 70, na mimi ndiye niliyekuwa afisa tabibu wa zamu. Ni hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja, na mambo machache ya familia nimeyabadilisha ili wasitambulike. Saa na dozi sijazigusa.

Nimekaa na dakika hizo kwa muda mrefu kwa sababu ndani yake sikumwona mvivu, wala mtu asiyejua kazi, wala asiyemjali mtoto. Na bado zilipotea.

Tuanze getini. Mlinzi alifanya alichoelekezwa: "Mama, anzia dirishani, chukua kadi kwanza." Watoto wa chini ya miaka mitano kwetu hawalipi, lakini msamaha wa malipo haumtoi mtu kwenye foleni. Jina, umri, kijiji, namba ya faili. Mama akasimama nyuma ya wenzake, mmoja wao kijana aliyekuja na jino. Mtoto alikuwa amefunikwa kanga hadi kichwani, kama anavyofunikwa mtoto yeyote mwenye homa usiku. Karani wa dirishani alimwona mama, mtoto hakumwona. Mapokezi yetu yote, tangu benchi hadi kimo cha dirisha, yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya mtu mzima anayesimama na kujieleza. Mgonjwa aliye mgongoni hayumo.

Saa 3:05 mhudumu wa usafi alipita na ndoo yake, akaona kanga inatikisika, lakini si kama mtoto anayelia. Akaifunua. Macho yamegeuka juu, taya limekaza, mkono wa kulia unarusha. Akamshika mama mkono wakaja mbio, ndoo ikabaki katikati ya korido. "Dokta, degedege!" Huyo ndiye aliyefanya triaji usiku ule, yaani kuchuja wagonjwa kwa uharaka, na hakuna aliyewahi kumfundisha.

Tukamlaza ubavu, tukafuta mate, tukamwekea oksijeni ya konsentreta, mashine inayoivuta kutoka hewani kwa umeme. Mpaka hapo tulikwenda vizuri. Diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, ilikuwa kwenye kabati la dawa za dharura, kabati lina kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa sista wa zamu, na sista yuko wodi ya wanawake anasaidia kumnyanyua mgonjwa aliyeanguka kitandani. Nataka niwe wa haki kuhusu lile kufuli. Diazepamu ni dawa inayohesabiwa. Mwaka uliotangulia hesabu haikutimia, mkaguzi akaandika, kufuli likawekwa. Lilizuia upotevu, na hilo lilikuwa kweli. Ila hakuna aliyeuliza likifungwa, nani atalifungua saa tatu usiku.

Sista alirudi akikimbia. Saa 3:22 tulimpa mtoto mililita 1.2, yaani miligramu 6, kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba lililotolewa sindano. Ndani ya dakika tano degedege likatulia. Mtoto akabaki amelala, haitiki akiitwa, anakunja uso tu ukimbana kidole.

Kila mtu chumbani alijua hatua inayofuata ni kupima sukari. Tulikuwa na mashine tatu za kupimia, zote za msaada, kila moja ya kampuni yake na kila moja inataka stripu zake, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu. Iliyokuwa na betri haikuwa na stripu. Zilizokuwa na stripu hazikuwa na betri, na betri zenyewe ni zile za duara ambazo duka la karibu halina. Mtu akatumwa wodi ya wazazi kuazima. Wakati tunasubiri nilihangaika na mshipa. Mara ya tatu ndipo kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, ikakaa. Saa 3:41 jibu likatoka: milimoli 1.4 kwa lita. Chini ya 2.5 ni hatari, na ubongo wa mtoto hauna akiba ya kungojea.

Kwenye stoo palikuwa na deksitrozi ya asilimia 50 peke yake, ambayo ukiipiga hivyo hivyo inaunguza mshipa wa mtoto. Inabidi uichanganye ifike asilimia 10, umpe mililita 5 kwa kila kilo. Nilipiga hesabu mgongoni mwa boksi la glavu: kilo 12, mililita 60, kwa hiyo 12 za deksitrozi na 48 za maji ya sindano. Nikairudia, maana mkono ulikuwa unatetemeka na sikuiamini hesabu yangu. Saa 3:50 ikaanza kuingia. Kipimo cha haraka cha malaria kilishatoka na mistari miwili, yaani anayo, tukampa artesuneti, dawa ya malaria kali, miligramu 36 kwenye mshipa huo huo.

Sasa linaloniuma. Kwenye meza ya wauguzi, hatua nne kutoka kitandani, palikuwa na chupa ya chai na kopo la sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto unasema wazi: mtoto aliyepoteza fahamu, sukari imeshuka au kuna kila sababu ya kuhofia imeshuka, na mshipa bado haujapatikana, chukua kijiko cha chai cha sukari, idondoshee tone moja au mawili ya maji, iweke chini ya ulimi, rudia baada ya dakika 20. Na huhitaji kusubiri mashine. Huna kipimo, mtibu kama ambaye sukari imeshuka. Degedege lilitulia karibu saa 3:27. Kuanzia hapo hadi 3:50, kwa dakika 23, dawa ilikuwa mbele ya macho yangu ndani ya kopo la plastiki. Swali hilo niliwahi kulijibu kwenye mtihani wa kozi, nikapata.

Asubuhi tukakaa. Kikao kilianza kama vinavyoanza vikao vyetu vyote, kwa kutafuta wa kumwandikia barua. Kwanza mlinzi. Kisha sista na ufunguo wake. Kisha mtu akasema lile ambalo huwa halikosi: mama alichelewa kumleta. Homa siku tatu, degedege la kwanza jioni, huenda walipitia kwa mganga wa kienyeji. Inawezekana. Huku kwetu wapo wanaoamini degedege si la hospitali. Lakini muda wa nyumbani hauko mikononi mwetu, na tukiutaja wa kwanza tunajipa ruhusa ya kutoutazama ulio wetu. Mama aliita bodaboda usiku akafika getini. Kuanzia getini, dakika 70 ni zetu sisi.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, alifanya jambo ambalo hadi leo namshukuru. Alituuliza mmoja mmoja, wengine wakisikiliza: mtoto anashtuka, unafanya nini? Sista akajibu sawasawa. Muuguzi wa pili vilevile. Mimi pia, pamoja na sukari ya chini ya ulimi. Kikao kikanyamaza. Wote tulikuwa tumefaulu, na mtoto alikuwa wodini hajaamka.

Kwa hiyo tatizo letu halikuwa elimu kwa maana ya kujua. Hapa ndipo ninapotofautiana na ripoti nyingi za matukio ninazozisoma, ambazo humalizika kwa sentensi ile ile: watumishi wapewe mafunzo. Mimi nilikuwa nimeyapata. Ile kozi ya siku tano ya huduma za msingi za dharura iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Msalaba Mwekundu wa kimataifa na shirikisho la madaktari wa dharura duniani, ambayo ilijaribiwa kwanza Tanzania, Uganda na Zambia, ni kozi nzuri na naitetea. Inakufundisha kumwendea kila mgonjwa kwa mpangilio mmoja: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua nguo umtazame mwili mzima. Imeandikwa kwa ajili ya mtu kama mimi, asiye na mashine ya CT wala bingwa wa kumpigia simu.

Kasoro ni mahali ninapofundishwa. Tulifundishiwa ukumbini, mjini, mbali na kazini. Dawa zimepangwa mezani. Mwezeshaji akisema "anashtuka," unajibu "nampa diazepamu," na mdoli anapona. Hakuna hata mara moja niliyotumwa kutafuta ufunguo. Hakuna mashine iliyokataa stripu. Sikufanya mazoezi na sista ninayeshika naye zamu, kwa sababu yeye alikwenda awamu nyingine, mkoa mwingine. Tukarudi kila mtu na cheti chake, tukakutana mbele ya kabati lenye kufuli.

Usiku ule ule, hata hivyo, kuna somo moja lilifanya kazi, na nadhani linaonyesha tofauti. Mikono ya mtoto ilikuwa ya baridi, dalili ya mzunguko hafifu wa damu. Mwenzangu alishatundika chupa ya saline, yaani maji ya chumvi ya dripu, na kidole changu kilikuwa kwenye gurudumu la kufungulia dripu. Zamani ningelifungua lote. Nililipunguza hadi matone ya kutunza mshipa. Sababu yake ilianzia Kilifi, Muheza, na hospitali nne za Uganda, katika utafiti wa FEAST uliotoka mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Baadhi wakapewa maji mengi kwa haraka kama vitabu vilivyokuwa vinaelekeza, wengine wakapewa ya kawaida tu. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa asilimia 10.6 na 10.5 kutegemea aina ya maji. Wasiopewa, asilimia 7.3. Watu wengi walitazamia kinyume chake. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha ni habari nyingine, wala waliochomwa moto au kuvuja damu hawakuwemo. Ila mtoto wa malaria kali kama huyu, ukimmiminia chupa nzima kwa sababu tu mikono ni ya baridi, unaweza kumuua kwa nia njema.

Kwa nini hilo nililikumbuka na sukari nikaisahau? Takwimu za FEAST nilizisoma baadaye. Zilizonifikia kwanza ni mikono ya daktari mmoja mkubwa wangu, ambaye kila raundi ya asubuhi alipita kwenye dripu za watoto na kuzifunga mwenyewe, huku akiuliza, "Nani amefungua hii, na kwa nini?" Mwaka mzima, kila siku, kwenye vitanda vyetu wenyewe. Somo likaingia vidoleni. Sukari ya chini ya ulimi ilikuwa imeingia kwenye daftari tu.

Niliporudi kutafuta nani aliwahi kurekebisha mlango kama wetu, nilikutana na Blantyre, Malawi. Hospitali ya Queen Elizabeth ilikuwa na kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano iliyobeba kila kitu kwa pamoja, chanjo, kikohozi na mahututi, na watoto wakifia kwenye kungoja. Mwaka 2001 wakapanga upya. Walibadilisha njia anayopita mgonjwa tangu mlangoni, wakaweka kuchuja watoto kwa uharaka, wakawafundisha watumishi wao pale pale huduma ya dharura. Kabla ya hapo, kati ya watoto waliolazwa walikuwa wanakufa asilimia 10 hadi 18. Baadaye ikawa 6 hadi 8. Wenyewe waliandika kwamba haikuhitaji rasilimali kubwa za ziada. Nilisoma sentensi hiyo nikaenda kusimama kwenye dirisha letu la kadi, nikaangalia foleni kwa nusu saa bila kufanya lolote.

Nchini mwetu yapo ya kujivunia. Muhimbili ilifungua idara yake ya magonjwa ya dharura Januari 2010, mwaka huo huo mafunzo ya ubingwa yakaanza pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na mabingwa wa kwanza wakahitimu 2013. Kabla ya hapo tiba ya dharura haikuhesabika kuwa fani. Lakini usiku wa wilayani ni wa afisa tabibu na muuguzi, na utaendelea kuwa wetu kwa miaka mingi. Ndiyo maana nazungumzia ufunguo, na sinia la dawa lililochukua nafasi yake.

Sinia lenyewe sasa lipo. Tunaliita sinia la degedege: ampuli mbili za diazepamu, mabomba, kanula za watoto, deksitrozi na maji ya sindano, stripu zilizofungwa kwa mpira pamoja na mashine yake moja inayofanya kazi, na kopo dogo la sukari lenye kijiko. Halina kufuli. Limefungwa kwa lakiri ya plastiki yenye namba, inayokatika kwa kuvutwa. Kila zamu inasaini namba. Ikikatwa, mfamasia anajua limetumika, anahesabu, anajaza, anafunga lakiri mpya. Nilitegemea mfamasia atakataa. Ndiye aliyelipenda kuliko wote, maana kwa kabati la zamani hesabu yake ilikuwa haitimii hata kwa kufuli. Juu ya sinia pana karatasi ya dozi kwa uzito. Kwenye kilo 12 inasema: diazepamu 1.2; deksitrozi 12, maji 48. Hakuna atakayepiga tena hesabu hiyo mgongoni mwa boksi.

Getini ilikuwa ngumu zaidi. Tulitaka mlinzi aruhusiwe kumpitisha mtoto moja kwa moja chumba cha dharura, faili lifuate. Karani aliogopa, na alikuwa na sababu: mgonjwa asiye na namba kesho anaonekana kama uzembe wake. Iliisha kwa barua ya nusu ukurasa, imesainiwa na mganga mfawidhi, imebandikwa ndani ya dirisha. Aliyewafundisha walinzi ni yule yule mhudumu wa usafi. Hakutumia chati. Alivaa kanga mgongoni akawaambia, "Kaka zangu, funueni. Msimuulize mama, funueni mtazame." Kisha ndipo mimi nikaongeza ya kutazama: anavyovuta pumzi, anashtuka, amelegea haitiki, mikono ya baridi, macho yameingia ndani na anaharisha.

Kila Alhamisi, zamu zinapobadilishana, tunafanya zoezi la dakika 10. Tuna mdoli aliyeshonwa kwa vitenge, anaingia getini mgongoni mwa mtu, amefunikwa. Mara ya kwanza alibaki kwenye foleni. Mara ya pili alifika chumbani, ndipo tukagundua barakoa ya mtoto ya ambu begi, mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua, haipo. Iliibuliwa stoo ikiwa ndani ya boksi lake, nailoni haijatolewa, imekaa hapo tangu iletwe. Yale niliyoyajua kuhusu hospitali yangu kabla ya mdoli huyo na baada yake hayafanani.

Yapo ambayo hayajatulia. Wauguzi wanahamishwa, na anayekuja hajui lakiri ni nini. Stripu zikiisha tunarudi kuazima wodi ya wazazi. Umeme ukikatika konsentreta inazima, na mtungi wa oksijeni uko jengo la pili. Mashine mbili nyingine za sukari bado ziko kwenye droo, nzima kabisa, hazina kazi.

Mtoto aliamka siku ya tatu. Aliruhusiwa siku ya tisa, mkono wa kulia dhaifu, na maneno aliyokuwa nayo hayakurudi yote. Malaria ya ubongo peke yake inaweza kuacha hayo. Mimi sijitetei kwa sentensi hiyo, naiandika kwa kuwa ni kweli. Kabla hawajaondoka, mganga mfawidhi na mimi tulikaa na mama, tukamweleza tangu getini: foleni, ufunguo, mashine, sukari. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Sukari hii hii ya chai, dokta?"

"Hii hii, mama."

Akakaa kimya akimpapasa mtoto mgongoni. Halafu akataka kujua kama naye anaweza, siku akishtuka tena na wako njiani. Nikaenda kuleta kopo na kijiko. Nikamwonyesha: usitie kitu mdomoni wakati bado anashtuka, mlaze ubavu mpaka atulie, sukari kidogo, tone la maji, chini ya ulimi, halafu uje, na ukifika getini usiende dirishani. Akachukua kijiko, akadondosha maji, akarudia mwenyewe mara mbili kwenye kiganja chake.